Injini Yenye Njaa

Watu wa gereji walilijua gari la Taratibu kwa harufu kabla ya kuliona. Ilikuja petroli mbichi, ile inayokwama kooni, na ndipo gari lenyewe likaingia langoni likikohoa na kurukaruka. Moshi mweusi uliolifuata ulitua moja kwa moja juu ya mashuka ambayo mke wa mlinzi alikuwa ametoka kuyaanika. Mke wa mlinzi alisema maneno ambayo hayafai kuandikwa.

Taratibu alikuwa dereva wa teksi, mtu mzima, na jina hilo alipewa na abiria wake waliochelewa waendako. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kurudi ndani ya mwezi mmoja. Alizima injini, lakini injini haikukubali kuzimika mara moja. Ilijitikisa kidogo, ikapiga mlio mmoja nyuma, ndipo ikanyamaza.

"Fundi, gari linanitia aibu," alisema, hata mlango hajaufunga. "Jana mama mmoja kashuka na mtoto wake katikati ya safari. Mtoto katapika. Mama ananiambia nimewabeba ndani ya dumu la petroli."

Fundi Sikio alikuwa amemgeuzia mgongo, anapanga spana zake sandukuni. Hakujibu wala hakugeuka.

Hatua tatu kutoka hapo, mkewe, Mama Chai, alikuwa nyuma ya meza yake ya chai. Aliweka birika chini na kupaza sauti. "Baba! Taratibu huyo kaja! Anasema gari linanuka petroli, abiria wanamkimbia! Na moshi mweusi! Si ndiyo, shemeji?"

"Shemeji, si nimeshasema mwenyewe?" Taratibu alimtazama kwa kuchoka. "Kila nikisema neno unalirudia. Umekuwa mwangwi?"

Mafundi waliokuwa wakinywa chai walicheka. Mama Chai naye akacheka pamoja nao. Alikuwa ameitwa mdomo, kasuku, na redio ya gereji kwa mwaka mzima na nusu sasa, na majina yote hayo aliyapokea kwa kicheko, kwa sababu nyuma ya kicheko hicho alikuwa amemficha mume.

Sikio aligeuka, akamwona rafiki yake, akatabasamu. Jina lake hilo hakulipata kwa utani. Wengine walipima kwa vifaa. Yeye alipima kwa sikio. Alikuwa akiinama juu ya injini, ananyoosha kidole kimoja hewani, anasema, "Nyamazeni, niisikie inasemaje," na gereji nzima ilikuwa inanyamaza, hata wanaogonga bodi walishusha nyundo. Kisha anachukua bisibisi, anagusa skrubu ya kabureta, ile inayopima petroli iende kiasi gani na hewa kiasi gani, na injini iliyoingia ikilalamika inatoka ikiimba. Watu walitoka mbali kumfuata yeye tu.

"Liwashe," alisema.

Taratibu aliwasha. Sikio akanyoosha kidole, gereji ikanyamaza kwa mazoea, naye akainama na kufumba macho.

"Lina njaa," alisema mwisho.

"Njaa gani, fundi? Linakunywa petroli mara mbili ya zamani! Tazama hii." Taratibu alitoa mfukoni plagi aliyoifunga kwenye kipande cha gazeti. Ncha yake ilikuwa nyeusi tii, imevaa masizi makavu yanayopukutika ukiyagusa. "Hii nimeibadilisha wiki iliyopita tu."

"Plagi feki hizo. Siku hizi madukani wanauza uchafu mtupu." Akachukua bisibisi, akafungua skrubu robo mzunguko, halafu robo nyingine. Injini ikatoa sauti nzito ya chini, inayotetemesha kifua. Sikio alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Umesikia? Hapo limeshiba."

Mama Chai alisikia. Alisikia injini ikikabwa. Aliinama juu ya vikombe vyake, akaviosha vile ambavyo alikwisha kuviosha.

*

Jiko lao la mafuta ya taa lilikuwa na matatizo yake pia. Ukipandisha tambi kupita kiasi, moto uliacha ubuluu wake, ukawa wa njano, ukalamba sufuria na kuipaka masizi. Jioni ile Mama Chai alisugua sufuria huku akiwaza ile plagi. Masizi yalikuwa yale yale. Mafuta yamezidi, hewa haitoshi, basi hayaungui sawasawa, yanaishia kuchafua. Hakusomea popote, lakini jambo hilo alilijua tangu utotoni, kama anavyolijua kila mtu aliyewahi kupika.

Binti yao aliingia kutoka kazini, kwenye duka la dawa, akamkuta baba yake mezani anakata mkate.

"Shikamoo, baba."

Baba aliendelea kukata mkate.

"Mama, mpaka lini?" binti alisema bila hata kupunguza sauti, na hilo ndilo lililomuuma mama yake zaidi, kwamba mtu sasa angeweza kumsema baba mbele yake kama anamsema jirani. "Daktari alisema wazi. Masikio yamekufa upande wa sauti nyembamba, na nzito nazo zinafuata. Miaka thelathini ya nyundo na injini. Hayarudi. Kile kifaa cha kuvaa kinaweza kumsaidia kuongea na watu."

"Alikitupa kile cha kujaribia. Unakumbuka alivyosema?"

"Alisema, 'Mimi? Sikio nivae sikio?'"

Wote wawili walitaka kucheka wakashindwa.

"Watu wanaharibikiwa magari, mama. Tuwaambie."

"Ukiwaambia, kesho asubuhi baba yako ataamka aende wapi?" Mama Chai alisugua sufuria kwa nguvu. "Mkate tutaula, chai yangu inauzika. Sisemi njaa ya tumbo. Nasema aende wapi?"

Binti alimsogelea baba yake, akamgusa bega. Sikio alishtuka, kisha uso ukafunguka kwa furaha. "Aa, umefika! Mbona unaingia kimyakimya kama mwizi, hata salamu huna?"

"Shikamoo, baba," binti akasema tena.

*

Siku nne baadaye teksi ilirudi ikisukumwa. Ilikuwa imezimika katikati ya njia panda saa ya watu kwenda kazini, ikakataa kuwaka, na Taratibu alikuwa ametukanwa kwa honi za kila aina. Wapita njia walimsaidia kusukuma mpaka gereji, na walipofika mmoja wao akanusa mikono yake na kuuliza kama mzee huyu anauza petroli kwa siri.

Safari hii Taratibu hakwenda kwa Sikio. Alikwenda kwa msimamizi wa gereji, mtu aliyeitwa Funguo kwa sababu ya lundo la funguo lililoning'inia kiunoni mwake, akampa kijiti cha kupimia oili. Funguo alikipitisha puani akakunja uso.

"Petroli," alisema.

"Petroli ndani ya oili! Haiungui yote, inateremka chini, inaosha kuta za silinda, oili inakuwa maji. Chuma kinasagana na chuma. Nikiendelea hivi wiki mbili, sina injini. Na bila injini mimi ni nani? Mzee mwenye viti vinne vya kukalia!"

Funguo alimwita Sikio. Watu walikusanyika, kwa sababu gereji haina sinema. Sikio alisimama katikati akitazama midomo, mdomo huu na mdomo ule, amechelewa kila mara. Mama Chai alijipenyeza mpaka ubavuni kwake na kitambaa chake cha kufutia meza.

"Hili la ngapi, Sikio?" Funguo aliuliza. "La yule mwalimu lilikuja na moshi. Gari la mkate, moshi. Sasa hili."

"Baba, anakuuliza kuhusu gari la mwalimu na lile la mkate, yaliyo..."

"Mama Chai! Nimemuuliza mumeo. Ana mdomo wake."

Sikio alimtazama mkewe, akamtazama Funguo. "Plagi feki," alisema. Alikuwa amebahatisha.

Kuna fundi wa breki pale nyuma akasema, "Huyu tumemwambia mara ngapi? Sikio la kufa halisikii dawa," na watu wakaangua kicheko. Hawakujua walichokisema. Walidhani ni kiburi tu cha fundi mkubwa. Sikio, alipoona meno ya watu, akacheka pia, kwa sababu mtu asiyesikia utani hujifunza kucheka pamoja na wenzake.

Funguo hakucheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na lango la kulinda na jina la gereji. Alimsogelea Sikio, akasema polepole, usoni kabisa, kwa hiyo yote yalieleweka. "Taratibu ataweka oili mpya na plagi mpya. Kesho saa nne utalipima gari hili mbele yetu sote. Likitoka safi, yamekwisha. Likitoka na moshi, beba sanduku lako. Nafasi yako nampa mwingine."

*

"Tangu lini unajua?" Sikio aliuliza jioni ile. Walikuwa wamekaa kitandani wamekabiliana, ili amwone mdomo.

"Tangu birika. Lilipiga filimbi mpaka likakauka, nawe umekaa karibu nalo unasoma gazeti."

Hakubisha. Kwa mara ya kwanza hakubisha. Alitazama mikono yake, kucha zenye weusi ambao sabuni ilishaukatia tamaa.

"Injini bado naisikia," alisema. "Naisikia kwa mbali, imekonda. Zamani kulikuwa na kitu juu yake, kama filimbi ndogo. Ile ndiyo niliyokuwa naifuata. Sasa haipo. Kila gari likija naona lina njaa, ninaliongezea, naliongezea mpaka linanguruma, ndipo moyo unatulia."

"Unalizidishia, baba. Unalikaba. Ni kama jiko letu likipandishwa tambi."

"Jiko!" Alitaka kukasirika, akakosa nguvu. Akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Mama Chai hakuwahi kumwona akilia, hata walipomzika mama mkwe.

Alimwacha alie. Kisha akamtoa viganja usoni, kimoja baada ya kingine, akamwambia mpango wake. Meza ya chai ilikuwa hatua tatu kutoka kwenye nafasi ya mumewe kwa miaka yote hiyo; filimbi ile ndogo alikuwa akiisikia kila siku wakati anapoosha vikombe. Alijua inapotokea na inapopotea. Kesho angesimama karibu, ashike taa ya kumulikia injini, na mkono wa pili uwe kwenye kiwiko cha mumewe. Kubonyeza mara moja, fungua. Mara mbili, funga. Mara tatu, basi, hapo hapo, acha.

Walijaribu kwenye jiko. Sikio alifumba macho na kushika kitufe cha tambi, mkewe akambonyeza kiwiko. Mara mbili. Mbili. Moja. Tatu. Alipofumbua macho moto ulikuwa wa buluu, umetulia. Alitabasamu, na Mama Chai akathubutu kulala.

*

Saa nne hapakuwa na nyundo iliyogonga. Taratibu alikuwa amebadilisha oili na plagi, na alisimama kando ya gari lake amekunja mikono kifuani kama mtu aliye kwenye chumba cha kusubiria daktari.

"Taa ashike mmoja wa vijana," Funguo alisema.

"Mikono ya vijana inatetemeka," Mama Chai alijibu haraka. "Mimi nimezoea birika."

Wakamwacha. Gari likawashwa. Sikio alinyoosha kidole chake hewani, na hakuwa na haja ya kusema kitu, watu walikuwa wamenyamaza tangu mwanzo. Aliinama na bisibisi. Moshi mweusi ulikuwa ukipumuliwa nyuma, pumzi fupifupi. Mkewe akabonyeza mara mbili. Sikio akafunga robo. Mara mbili tena. Akafunga. Moshi ukapungua, ukawa kijivu, ukawa uzi. Mara mbili. Injini ilijikwaa, mkewe akabonyeza mara moja, haraka. Akafungua kidogo sana, upana wa ukucha.

Hapo filimbi ikaja. Mama Chai aliisikia ikipanda juu ya mngurumo, nyembamba, safi. Alibonyeza mara tatu, na machozi yakamjaa machoni pale pale. Nyuma ya gari hapakuwa na moshi. Taratibu alikunjua mikono. Hata Funguo alianza kutikisa kichwa kwa kukubali.

Sikio hakuondoa bisibisi.

Yeye alisikia nini? Alisikia injini iliyokonda, kitu kitupu kinachozunguka mbali. Macho yote ya gereji yalikuwa mgongoni mwake, na katika miaka thelathini hakuwahi kutoa gari likiwa na njaa mbele ya watu. Mkewe alikuwa mwuza chai. Alimpenda, lakini alikuwa mwuza chai, na skrubu ilikuwa chini ya vidole vyake yeye. Alibonyezwa mara tatu tena, kwa nguvu, kucha zikaingia kwenye nyama.

"Kidogo tu," alisema kwa sauti. "Bado lina njaa."

Akafungua nusu mzunguko.

Injini ikakohoa, ikashuka, ikanguruma kwa ile sauti nzito inayotetemesha kifua, na Sikio akanyanyuka na tabasamu la mtu aliyemaliza kazi. Wingu jeusi likatoka nyuma ya gari, likawafunika miguu waliosimama huko. Mtu akakohoa. Hakuna aliyecheka safari hii, na ingekuwa afadhali wangecheka.

"Sanduku lako, Sikio," Funguo alisema.

Sikio alikuwa bado anatabasamu. "Mnasemaje?" aliuliza, akizungusha uso kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. "Limeshiba, au siyo?"

Taratibu alikuwa wa kwanza kuelewa. Alimtazama rafiki yake, akamtazama shemeji yake mwenye taa, kumbukumbu za mwaka mzima na nusu zikampita usoni. "Yarabi," alisema. "Kumbe hasikii."

Neno hilo lilizunguka gereji kwa minong'ono. Yule fundi wa breki aliinamisha kichwa.

Mama Chai alikuwa na njia mbili. Angeweza kumshika mumewe mkono wakaondoka, gari la watu likaendelea kujiua. Lakini alilikumbuka lile neno la Taratibu, mzee mwenye viti vinne vya kukalia. Aliweka taa juu ya bodi. Akaichukua bisibisi kutoka mkononi mwa mumewe, taratibu, kidole kwa kidole, naye Sikio akaiachia kwa mshangao tu. Akainama. Alifunga nusu mzunguko, akangoja, akafunga ukucha mmoja, akangoja.

Sikio hakusikia injini ikibadilika. Aliona nyuso. Aliona paji la Taratibu likikunjuka, Funguo akiinua kichwa, mafundi aliowafundisha yeye mwenyewe wakitazamana. Ndivyo alivyojua kwamba filimbi imerudi. Alisogea, akaweka kiganja juu ya kifuniko cha injini, akamtazama mkewe mdomoni.

"Inasemaje?" aliuliza.

"Inaimba, baba."

"Mimi siisikii." Alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiojisikia wenyewe, na kila mtu akasikia. "Siisikii, mama. Siisikii kabisa."

*

Funguo hakurudia lile neno la sanduku, lakini hakulifuta pia. Alisema nafasi ni ya fundi, na fundi ni mtu mmoja, si mtu na mkewe. Kisha akaondoka na funguo zake zikilia kiunoni, anatembea haraka kuliko kawaida.

Taratibu aliwasha gari lake, akalizima, akaliwasha tena, kama anayeogopa kuamini. Aliteremsha kioo. "Shemeji, nikipata shida tena nije kwako?"

"Muulize fundi," Mama Chai alisema.

Wote wawili walimtazama fundi. Alikuwa amepiga magoti kando ya sanduku lake, amewageuzia mgongo, anafuta spana moja kwa tambara. Taratibu aliliondoa gari polepole kupita kawaida yake, na hewa ya langoni ikabaki safi.

Mafundi walirudi kwenye kazi zao. Nyundo zikaanza. Sikio aliifuta ile spana, akaiweka, akaichukua tena, akaifuta. Ilikuwa inang'aa. Akaifuta. Mkewe alimaliza kuosha vikombe, akamwaga maji, akafunika meza, akaja akapiga magoti karibu naye kwenye mchanga wenye oili. Alimshika kiwiko, akambonyeza mara tatu.

Safari hii aliacha.